Tafakari ya Ramadhani, siku ya 17: Nionyesheni soko lilipo



Ndugu zangu waumini wa hapa Bomang'ombe, na ninyi mnaotusoma kutoka Masama, Rundugai, Sanya Juu, Moshi mjini na huko mlikotawanyika kwa masomo na kazi, swaumu maqbul.

Leo ni tarehe 17 Ramadhani. Kila mwaka siku kama ya leo tunaikumbuka Badri, mwaka wa 2 Hijria. Waislamu mia tatu na kidogo walisimama mbele ya jeshi la Makureshi la watu wapatao 1,000, na Allah akawapa ushindi. Kisa hicho mnakijua, watoto wa madrasa wanakisimulia vizuri kuliko mimi. Leo naomba tutazame kilichotokea vita vilipokwisha.

Walikamatwa mateka wapatao 70. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Sasa walikuwepo mateka mafukara, hawana dinari wala ngamia, lakini wanajua kusoma na kuandika. Wanahistoria wetu wanaeleza kuwa hao waliambiwa fidia yao ni kufundisha. Kila mmoja awafundishe watoto 10 wa Madina, wakishajua kuandika, yeye yuko huru arudi kwao.

Hebu tulipime jambo hili. Mtume (S.A.W) alikuwa na umma mchanga wenye shida ya kila kitu. Angeweza kusema mateka hawa wabebe matofali. Akachagua wafundishe. Na kile walichofundisha hakikuwapunguzia kitu. Mwalimu aliyefundisha herufi watoto 10 hakubaki na herufi pungufu. Elimu ndiyo mali pekee ambayo ukiigawa unabaki nayo yote.

Msingi wa darsa la leo ndio huo. Nataka kuzungumza na vijana wetu walioko vyuoni, mwaka wa pili na kuendelea, na waliohitimu karibuni. Na wazazi msiondoke, sehemu yenu ipo. Maudhui ni haya: kujitolea kumwelekeza mwanafunzi mgeni wa chuo kikuu mpaka asimame kwa miguu yake.

*Udugu wa Madina*

Mtume (S.A.W) alipofika Madina, Muhajirina waliotoka Makka walikuwa wageni kabisa. Wameacha nyumba, biashara na ndugu. Hawajui visima, hawajui soko, hata hali ya hewa iliwashinda, wengine wakaugua homa. Dawa aliyoitoa Mtume ilikuwa kuunganisha watu wawili wawili. Mgeni mmoja, mwenyeji mmoja. Hakusema tu kwa ujumla "wasaidieni wageni", maana jambo la wote huwa halina mwenyewe. Kila mgeni alikuwa na jina la mtu wake, na kila mwenyeji alikuwa na jina la mgeni wake.

Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) aliunganishwa na Saad bin Rabii (R.A.). Saad alikuwa tajiri, akamwambia ndugu yake mgeni kwamba atampa nusu ya mali yake. Ukarimu gani huo! Abdur-Rahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe soko lilipo. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Akaenda, akafanya biashara, akarudi na jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaoa, na baadaye akawa miongoni mwa swahaba matajiri wakubwa.

Mwanafunzi mgeni anachohitaji mara nyingi ni hicho hicho. Akili anayo, ndiyo iliyomfikisha hapo. Juhudi anayo. Hajui soko lilipo, basi. Na wewe uliyekaa pale miaka miwili unalijua, unapita hapo kila siku bila hata kufikiria.

*Mgeni ni kuku mweupe*

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani anaonekana kwa kila mtu hata akijibanza. Wanaomwona kwanza si wema peke yao. Dalali anamwona. Tapeli wa simu anamwona. Wauza mikeka ya kubeti wanamwona.

Wazazi wangu, wengi wetu hatukupita chuo kikuu, kwa hiyo naomba nieleze kidogo hali ilivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na fani moja tu ya sheria na wanafunzi wachache mno. Zama zile mgeni alijulikana kwa jina ndani ya siku moja. Leo chuo kimoja kina maelfu kwa maelfu. Hosteli zilizofunguliwa pale Mlimani mwaka 2017 peke yake zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840, na bado wengi wanapanga mitaani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kimetandazwa kwenye vilima, kutoka kitivo kimoja hadi kingine unapanda gari. Mtoto ametoka shule ya kata ambako mwalimu wa zamu anapiga kengele na kumwamsha, anaingia mahali ambapo asipohudhuria wiki nzima hakuna atakayemuuliza.

Nimezungumza na vijana wetu wanaosoma Dar, Dodoma, Morogoro, na hapa hapa Moshi Chuo cha Ushirika. Nikawauliza, mwaka wa kwanza ni kitu gani ambacho laiti mngeambiwa mapema? Majibu yao yanafanana:

1. *Usajili na mkopo.* Bodi ya Mikopo imeanza kazi mwaka 2005, na mwanafunzi kupangiwa mkopo ni hatua moja, kuipata fedha mkononi ni nyingine. Lazima asajiliwe, taarifa za benki ziwe sahihi, na asaini kwa wakati. Asiyesaini anakaa na njaa huku fedha yake ipo.

2. *Alama za ndani ya muhula.* Vyuo vyetu vingi havisubiri mtihani wa mwisho. Pale Dar es Salaam kwa kawaida alama 40 kati ya 100 zinatokana na majaribio na kazi za muhula. Mgeni anadhani bado mapema, kumbe testi ya kwanza imeshapita. Hapo ndipo sapu zinapozaliwa, na kukeri, na mwisho kudisko.

3. *Taarifa.* Chuo hakina mstarini. Matangazo yanapita kwenye grupu la darasa na kwa kiongozi wa darasa. Asiye ndani ya grupu hayupo darasani, hata kama amekaa kiti cha mbele.

4. *Chumba.* Picha ya chumba kwenye simu si chumba. Usitume kodi kabla ya kuona mlango, choo na mwenye nyumba.

5. *Fedha za kujikimu.* Boom linaingia kwa mkupuo. Kijana hajawahi kushika fedha hiyo maishani. Wiki mbili imekwisha, kisha anaingia kwenye mikopo ya mitandaoni, ile mnayoiita kausha damu, au anaweka mkeka akitumaini itarudi. Hairudi.

Ndugu zangu, katika haya matano hakuna hata moja linalohitaji profesa. Linahitaji mtu aliyepita njia hiyo mwaka jana.

*Kisa cha kijana wetu*

Naomba nitoe mfano mmoja, sitataja jina la mtu wala la chuo. Kijana wa jamaa yetu mmoja hapa Boma alifaulu vizuri kidato cha sita, akapata chuo cha mbali. Baba yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na matumizi ya mwanzo. Alipofika, dalali akamla kodi ya miezi miwili kwa chumba ambacho kilikuwa cha mtu mwingine. Akajisitiri kwa jamaa wa kukutana naye njiani. Kwenye mkopo jina la benki lilikosewa herufi, fedha haikuingia. Testi ya kwanza ilimpita kwa sababu hakuwa kwenye grupu. Mama akipiga simu anaambiwa, "Niko vizuri mama, usijali." Akauza simu yake nzuri, akanunua kitochi. Wiki ya tano akafunga begi.

Yuko stendi anaulizia nauli ya kurudi, akaazima simu apige nyumbani. Kijana aliyekaa pembeni akasikia neno Boma, akamuuliza, "Boma ipi, ya kwetu Hai?" Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Machame. Hakumpa fedha, hakuwa nazo. Alimrudisha chuoni siku ile ile, akalala naye kwenye godoro moja siku tisa. Akampeleka ofisi ya mikopo, akampeleka kwa kiongozi wa darasa, akaenda naye kwa mwalimu wa somo kueleza kuhusu testi. Mambo yote matatu yalichukua siku nne. Siku nne! Leo yule kijana yuko mwaka wa tatu.

Mambo mawili katika kisa hiki yananikosesha usingizi. La kwanza, aliyemwokoa ni Mlutheri, na Allah amlipe kheri na kumwongoza. La pili, katika chuo kile kile walikuwepo vijana wawili wanaoswali nasi hapa likizo. Hawakujua kama yupo, naye hakujua kama wapo. Safu moja ya swala huku, huko wamepishana kama wageni wa stendi.

Je, wale ambao hakuna aliyesikia wakisema "Boma", wako wapi leo?

*Kwa nini mwanafunzi mwenzake?*

Mtu atasema, si kuna walimu, kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kuna wiki ya maelekezo? Vipo, na vinafanya kazi. Lakini katika ualimu tulijifunza jambo ambalo kila aliyesimama mbele ya darasa analijua. Mtoto asiyeelewa humuuliza wa dawati moja kabla ya kunyoosha mkono kwa mwalimu. Anaona haya kuonekana mjinga mbele ya mkubwa. Kwa mwenzake aliyemzidi mwaka mmoja haya hiyo inapungua.

Hata wasomi wamelijengea utaratibu. Huko Marekani, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Missouri cha Kansas City kilianza mpango ambao mwanafunzi aliyefaulu somo gumu anakaa tena na wanaolianza, anawaonyesha namna ya kulisoma. Mpango ule umeenea nchi nyingi. Na hapa kwetu Tanzania, shirika la CAMFED, ambalo limekuwepo nchini tangu 2005, lina mabinti waliomaliza sekondari wanaorudi shuleni kujitolea kuwaongoza wadogo zao. Hawalipwi mshahara, wanapata nafasi ya mkopo mdogo usio na riba wa kuanzishia biashara. Kama wao wameweza kupanga hayo, msikiti wenye udugu wa Madina kama mfano wake unashindwaje?

Na sisi wa mlima huu tunao mfano wa karibu zaidi, mfongo. Wazee walichimba mifereji kutoka juu msituni ikapita shamba hadi shamba. Aliye juu akijaza migomba yake akasahau kufungua, wa chini ananyauka, na huku Boma tulikokaa kwenye ukavu tunajua maana yake. Utaratibu wa mfongo ni kwamba unapata zamu yako, kisha unafungua maji yaende. Na siku ya kusafisha kila mtu anatoka na jembe lake. Mwaka wa tatu ana maji tayari. Mwaka wa kwanza yuko chini anasubiri.

*Visingizio vitatu*

"Ustadhi, mimi mwenyewe nina sapu mbili, nitamwelekeza nani?" Kijana wangu, wewe ndiye hasa. Unajua shimo lilipo kwa sababu umelitumbukia. Mwambie lilipo.

"Mimi sina fedha." Katika Sahihi Muslim tunasimuliwa kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W), mnyama wake wa safari amekufa, akaomba apewe mwingine. Mtume hakuwa naye. Akasimama mtu akasema yeye anamjua atakayeweza kumsaidia, atamwonyesha. Hapo Mtume akafundisha kwamba anayemwelekeza mtu kwenye kheri anapata ujira mfano wa yule aliyeitenda. Tazameni. Yule aliyesimama hakutoa ngamia. Alitoa maelekezo, akapata ujira wa ngamia. Ukimpeleka mgeni kwenye ofisi sahihi, dirisha sahihi, siku sahihi, umeingia katika hadithi hii kwa miguu yako.

"Mimi hakuna aliyenionyesha, niliteseka peke yangu." Hiki ndicho kizito, na sikidharau. Kuna uchungu ndani yake. Lakini angalia njia mbili zilizo mbele yako. Unaweza kusema na yeye ateseke tuwe sawa, ukawa umeurithisha uchungu. Au unaweza kuufanya ukomee kwako. Kwa njia ya pili, yale uliyoyapitia yanageuka kuwa na faida, na mateso yako hayakupotea bure mbele ya Allah.

*Adabu za kazi hii*

Kujitolea kuna mipaka yake, na bila mipaka wema unaharibika.

Kwanza, nia. Mwezi huu tunafunga, na funga ndiyo ibada ya siri kuliko zote. Msaidie mgeni kwa siri hiyo hiyo. Usimpige picha ukaitupia mtandaoni.

Pili, mwonyeshe njia, usitembee badala yake. Usimwandikie kazi zake za darasani. Hiyo ni ghushi, na utakuwa umemlemaza. Saad alimwonyesha ndugu yake soko, hakuenda kumuuzia samli.

Tatu, amana. Atakwambia mambo ya nyumbani kwao, ya umaskini, ya ugonjwa. Yaishie kwako. Isipokuwa jambo moja, ukiona kijana amekata tamaa kiasi cha kuzungumza kujidhuru, au binti anasumbuliwa na mtu mwenye mamlaka juu yake, hapo usibebe peke yako na usinyamaze. Mshike mkono mwende ofisi ya mshauri wa wanafunzi, hospitali, au mpigie mtu mzima anayeaminika. Kunyamazia hatari si kutunza siri.

Nne, mipaka ya jinsia. Kijana kwa kijana, binti kwa binti. Mabinti wetu wa mwaka wa pili na wa tatu, nawasihi sana, maana binti mgeni ana maswali ambayo hawezi kumuuliza mwanaume, na wapo wanaume wanaosubiri ayaulize.

Tano, usibague. Mlima huu tumechanganyika, nyumba moja shangazi anakwenda Jumuiya, mpwa anakwenda madrasa. Jirani yako wa hosteli akiwa Mkristo na hajui pa kusajiliwa, mwonyeshe. Yule mtoto wa Machame hakuuliza dini pale stendi.

Sita, linda muda wako. Saa mbili kwa wiki zinatosha, na katika wiki tatu za mwanzo ongeza kidogo. Hapa kuna kisa kingine cha udugu wa Madina. Salman Al-Farsi (R.A.) aliunganishwa na Abu Dardaa (R.A.). Salman alikwenda kumtembelea, akakuta mwenzake amezama katika funga na swala za usiku mpaka mke amesahauliwa. Akamfanya ale, akamfanya alale, na usiku ulipofika mwisho wakaswali pamoja. Akamfundisha kuwa Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki na familia ina haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W) alipoelezwa akasema Salman amesema kweli.

Mnaona? Mgeni ndiye aliyemrekebisha mwenyeji. Kwa hiyo ewe unayejitolea, usijione umekuwa sheikh wa mtu. Huyo mgeni anaweza kukukumbusha swala ya Alfajiri uliyoiacha tangu mwaka wa kwanza.

*Wazazi, sehemu yenu*

Mtoto akisema "niko vizuri", muulize swali la pili. Umesaini fedha? Testi ya kwanza ni lini? Unalala wapi, na nani? Nani wa kwetu yuko hapo? Maswali haya hayahitaji digrii. Na mwambieni mapema, kabla hajapanda basi, kwamba akikwama anaweza kusema na hatakaripiwa. Wengi wanaficha kwa kuogopa kutuvunja moyo, hasa wakikumbuka ng'ombe aliyeuzwa.

*Tunafanya nini?*

Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, matokeo Julai, vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Muda upo. Napendekeza hivi:

Leo na kesho: katibu wa msikiti ana daftari. Kila mwanafunzi wetu wa chuo, popote alipo, aandikwe jina, chuo, mwaka, na kama yuko tayari kupokea mgeni. Mabinti wanaandikwa kwa ustadha wa darsa la akina mama, namba zao zitabaki huko. Mlioko vyuoni andikisheni kupitia wazazi wenu.

Baada ya Idi: tutakaa na waliojiandikisha siku moja tupange adabu hizi na ile orodha ya mambo matano.

Matokeo yakitoka: kila mtoto wetu anayekwenda chuo apewe jina moja na namba moja kabla hajaondoka. Mgeni mmoja, mwenyeji mmoja. Tukikosa mtu wetu katika chuo hicho, tutaomba misikiti jirani.

Na kuna jambo la leo kabla ya Magharibi. Wapo watoto wetu wanaofunga Ramadhani ya kwanza mbali na nyumbani. Hakuna uji wa mama, hakuna anayewagongea daku. Wengine wanafuturu maji na andazi kisha wanaingia maktaba. Chagua mmoja, mpigie. Ukiwa naye chuo kimoja, mwite mfuturu pamoja, hata kama ni ugali na dagaa.

Namalizia kwa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Ndani yake Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa anayemwondolea muumini dhiki ya dunia, Allah atamwondolea dhiki katika dhiki za Siku ya Kiyama, na kwamba Allah humsaidia mja maadamu mja anamsaidia ndugu yake. Na katika hadithi hiyo hiyo akaeleza kuwa anayeshika njia ya kutafuta elimu, Allah humrahisishia njia ya Peponi. Dhiki na elimu vimewekwa mahali pamoja. Mwanafunzi mgeni amebeba vyote viwili. Anayemshika mkono amekutana na milango miwili ya kheri kwa mtu mmoja.

Swali la kutafakari leo: ni nani alinionyesha soko lilipo, na mimi nimemwonyesha nani?

Ewe Mola, watie nguvu watoto wetu walioko mbali. Wafungulie uelewa, walinde na matapeli na marafiki wabaya, wape wenzao wema, na utujaalie sisi tuwe sababu ya wema huo. Wale walioacha masomo kwa kukosa mtu wa kuwaonyesha njia, wafungulie mlango mwingine ulio bora. Tukubalie funga zetu na utufikishe katika kumi la mwisho tukiwa na afya. Aamin.

Maswali tutayajibu baada ya Tarawehe, inshaallah. Mfikishie ujumbe huu mwanafunzi mmoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.